Mstari Chini ya Jina

Dar es Salaam,
19 Februari 2024

Shangazi Raheli,

Shikamoo. Huku Kimara tu wazima. Jenifer, mke wangu, anakusalimu. Mama naye anakusalimu, ingawa najua, tangu ulivyomsema makaburini siku ya baba, ukifika kwenye jina lake la Devotha utaruka mstari. Joto limetushika na maji yanatoka mara mbili kwa wiki. Natumaini maharage ya vuli yamekubali na Babu anaendelea kupanda kwenda kanisani kwa miguu yake.

Ninatumia barua kwa sababu umeifungia namba yangu tangu tumzike baba. Miaka mitano sasa. Krismasi tumekula makande meza moja na bado hukuifungua, basi nimetumia sanduku la posta la usharika, kule Same.

Majibu ya damu tuliyochukua siku ya pili ya Krismasi yametoka. Mnakumbuka niliwaambia kwamba kwenye utafiti wa maabara yetu tunatafuta protini fulani kwenye damu, zinazotoa habari za saratani ya ini mapema kabla mtu hajaanza kuumwa. Ya kwanza inaitwa AFP. Ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi, na akishazaliwa hupungua hadi karibu kuisha. Mtu mzima hutakiwa awe chini ya kumi. Ikipanda sana kwa mtu mzima, mara nyingi kuna uvimbe umeanza.

Watu wote wa nyumbani wako salama isipokuwa Babu. Yeye ana mia sita na arobaini. Pia ana kirusi cha homa ya ini B, kilekile kilichoanza na baba.

Kipimo hiki peke yake hakimhukumu mtu. Ndiyo maana lazima ashuke Same, kisha Moshi, apigwe picha ya ini. Naomba iwe mwezi huu.

Wako,
Rubeni


Vudee,
11 Machi 2024

Rubeni,

Marahaba. Maharage yalikubali, ng'ombe amezaa jike, na babu yako asubuhi hii amepasua kuni nikiwa namtazama. Miaka themanini na minne. Nimemsomea barua yako, akacheka mpaka akakaa chini. Anauliza kama ana protini ya mtoto wa tumboni, je, mama yake atarudi kumnyonyesha?

Mimi sikucheka. Nilifanya uuguzi hospitali ya Gonja miaka ishirini na sita na najua barua ya aina hii. Inaanza na salamu na inaishia na sanda.

Nikuulize, nani alikutuma? Ulikuja Krismasi na kiboksi chako cha barafu, ukatupanga kwenye benchi kama watoto wa kliniki. Baba yangu alikataa kubandikwa namba, akasema yeye ana jina la ubatizo. Ikabidi mimi niandike majina kwenye vichupa kwa mkono wangu. Watoto walipoogopa sindano, ni mimi niliyekutoboa wewe wa kwanza ili waone haiumi. Nimekufanyia kazi yako bure, na shukrani yake ni kuniletea kifo cha baba yangu kwenye bahasha.

Tena wewe, katika watu wote. Miezi minne ulijua kaka yangu Zefania anakufa kwa ini, ukatuambia ana vidonda vya tumbo. Nilimuona akiwa ndani ya sanduku. Siku ile nilisema sitasikia tena neno lako kwa simu, maana maneno ya simu mtu huyakana kesho yake. Ndiyo, barua zako nitazisoma. Barua naweza kuitunza.

Baba haendi popote.

Raheli


Dar es Salaam,
25 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kusikia habari za ndama. Mama alipata malaria lakini ameshapona. Mimi nina kazi nyingi na usingizi haunijii vizuri, ndiyo hivyo.

Nimeona hukuniita Baba. Tangu nibatizwe jina la Babu hujawahi kuniita vingine, hata siku uliponichapa kwa kuvunja chungu cha maziwa. Sawa. Nitajibu kama Rubeni.

Kupasua kuni si kipimo. Baba alikuwa anabeba mifuko ya saruji wiki mbili kabla hajageuka manjano. Ini halina kelele. Linaliwa kimya kimya, na likianza kulalamika watu wanaanza kutafuta mbao. Hizi protini ndizo zinazosema mapema, na wewe muuguzi wa miaka ishirini na sita unataka nizinyamazishe kwa sababu Babu amecheka.

Ipo na protini ya pili tunayoipima. Hiyo hutusaidia kujua huko mbele kutakuwaje: kama uvimbe utaelekea kwenye mishipa ya damu, kama mtu akipasuliwa atapata miaka au miezi. Ya Babu bado haijapanda sana. Maana yake muda upo. Ukiupoteza kwa ubishi, mtu wa kuulizwa makaburini hatakuwa mimi.

Kuhusu baba, nina sababu yangu na sikuambii.

Kama wiki ya Pasaka ikipita hajashushwa nitakuja na gari nimchukue mwenyewe, mbele ya usharika mzima.

Rubeni


Vudee,
6 Mei 2024

Rubeni,

Marahaba. Barua hii imechelewa kwa sababu mvua ilikata barabara kwenye kona ya mawe na hakuna gari lililoshuka wiki tatu. Migomba imelala. Watu wazima.

Nimetii. Nisikie vizuri: niliogopa, nikatii. Wiki ya Pasaka Elibariki, jirani yetu mwenye duka na pikapu, alitushusha Same kwenye tope, baba yangu amekaa mbele ameshikilia dirisha kwa mikono miwili. Same tukapanda basi la Moshi. Tulikaa Moshi siku tisa kwa ndugu wa mke wa mchungaji, hospitalini tunakwenda na kurudi. Wamempiga picha ya ini kwa ile ya kupakwa mafuta tumboni, wakamwingiza na kwenye ile mashine kubwa ya duara. Wakamtoa damu upya.

Ini safi. Kirusi hana na hajawahi kuwa nacho. Hiyo protini yako ni tatu. TATU, Rubeni. Daktari kijana akaniuliza nani aliyetuma mzee huyu, nikaona aibu kutaja.

Sasa nikueleze ulichofanya huku. Kabla ya kushuka, baba yangu aliita watu. Aligawa mashamba. Shamba la chini ya mfereji, la juu, na ule mti wa mparachichi, kila mtu na chake, mwinjilisti akiandika. Aliwaomba msamaha watu ambao mimi sikujua aliwakosea. Kanisani wakamwimbia wimbo wa kuaga naye amekaa benchi la mbele anasikiliza. Amerudi mzima, hana shamba, na kifua kimebana kwa mvua ya njiani. Akikutana na watu wanamkwepa macho kama vile amewadanganya.

Koti lake la Jumapili, la kijivu, alikugawia wewe kwa kuwa ndiwe jina lake. Sina hamu ya kuliona ukutani. Nimelifunga kwenye gazeti na limekuja na barua hii. Livae ukienda kazini kutabiria watu.

Raheli


Dar es Salaam,
20 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa barabara, na pole kwa kifua cha Babu. Apewe maji ya moto na dawa za hospitali, si majani.

Nimefurahi kwamba Babu ni mzima. Naona unadhani sikufurahi.

Kitaalamu yapo majibu ya aina hii. Protini inaweza kupanda kwa sababu nyingine kisha ikashuka. Mashine yetu haina kosa. Damu yangu mimi ilipita humo humo siku hiyo hiyo ikatoa nne, na kirusi hakuna. Na kabla hujasema majina yamechanganyika kwa kuwa sote wawili ni Rubeni Zefania, nililiangalia hilo kabla ya kitu chochote. Chupa moja uliandika jina ukapiga mstari chini yake. Nyingine jina tupu. Mwenye mstari ndiye wa kwanza, yaani Babu. Jina tupu ni mimi. Niliyasoma hivyo na nimeyaandika hivyo kwenye daftari la utafiti.

Jina la Babu tutaliondoa kwenye utafiti. Samahani kwa usumbufu.

Koti limefika. Mwambie Babu asante. Linanipwaya kidogo mabegani lakini Jenifer ataliingiza mishono.

Rubeni


Vudee,
2 Juni 2024

Rubeni,

Sina salamu leo. Nijibu maswali matatu.

Koti la baba yangu linakupwayaje? Yeye mwembamba kama mpini wa jembe, na wewe Krismasi ya mwaka juzi ulishindwa kufunga vifungo vyake mbele ya watoto wote tukacheka. Krismasi hii nilipokufunga mpira mkononi nikutoe damu, niliuzungusha mara mbili. Nikadhani ni mambo ya mjini, watu kujinyima kula.

Umewahi kuona gunia la maharage la mwenye nyumba likiwa na alama? Hapa kwetu gunia la mwenye nyumba halitiwi kitu, kwa kuwa kila kitu ni chake. Wengine ndio hutiwa mistari tusije tukauza fungu la mtu. Gunia lako lina mstari mmoja chini ya jina tangu ulipokuwa darasa la tatu, na kila Desemba unalibeba kwenda nalo Dar es Salaam. Nilivyoandika magunia ndivyo nilivyoandika vichupa. Mtu aliyekulia nyumba hii hakuhitaji kuuliza. Wewe hukuuliza.

Chupa yenye mstari ni ya nani?

Jibu kwa maandishi.

Raheli


Vudee,
14 Julai 2024

Rubeni,

Wiki sita. Elibariki ameshuka Same mara nne na kila mara amefungua sanduku la usharika, akarudi mikono mitupu. Nimeifungulia namba yako. Inaita mpaka inakata. Jenifer amenipokelea mara moja, akasema uko kazini, sauti yake si ya mtu anayesema kweli wala ya mtu anayedanganya. Nadhani na yeye hajui.

Baba yangu amepona kifua. Amerudi kulima shamba ambalo si lake tena na mwenye nalo hasemi kitu.

Nina hasira na wewe ambazo hata kwenye sala haziondoki. Nakaa kuvuna maharage na ninagombana na wewe peke yangu mpaka majirani wananitazama. Ulinyamaza kwa Zefania, sasa unanyamaza kwa nafsi yako. Hiyo siyo tabia ya kitabibu, ni kiburi, na usinifundishe vingine. Mimi nimewafumba macho watu wengi wa namna hiyo.

Hata kama ni neno moja, liandike.

Raheli


Dar es Salaam,
9 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Ni yangu.

Nimerudia kipimo mara mbili, mara ya pili kwenye maabara ya watu wengine kwa jina la uongo. Mia nane na tisini. Nimepigwa picha. Kuna uvimbe mmoja upande wa kulia wa ini, sentimita tano. Protini ya pili imepanda kidogo tu. Daktari wa upasuaji anasema haujashika mishipa na unaweza kukatwa, ila si baada ya miezi mingi. Ndivyo nilivyokuandikia wewe kuhusu Babu, kwamba muda upo, na wakati naandika nilikuwa nautumia wa kwangu.

Nitakwambia na lililobaki kwa kuwa unataka maandishi. Mwaka 2016 nilipoingia kazini walinipima nikakutwa na kirusi. Niliambiwa nirudi kila miezi sita. Sikurudi hata mara moja. Mimi ninayewapima watu. Halafu Februari hii jina tupu likatoka halina kirusi, nikalisoma kuwa ni langu. Nilijua kirusi hiki hakiendi zake hivi hivi. Nilijua, Shangazi. Lakini nilisema labda wale wa 2016 ndio waliokosea, nikaenda nyumbani nikamwambia Jenifer achinje kuku, hakujua sababu. Usiku ule ule, nimeshiba kuku, nikakuandikia kuwa Babu anakufa. Sikusahau alama ya gunia. Niliikumbuka nikiwa nimeishika chupa mkononi, nikaamua kutokuikumbuka.

Baba aliniapisha nisiwaambie. Alisema hataki mzee wake amuone akipungua. Nilimuona mjinga wakati ule. Sasa simuoni hivyo, na ndiyo maana sikukujibu.

Usimwambie Babu. Usije. Mama hajui, Jenifer hajui, na wewe na mama hamuwezi kukaa chumba kimoja. Upasuaji wamenipangia tarehe 2 Septemba na bado sijasema kama nitakwenda. Nilichofanya kwa Babu sijui mtu anakilipaje, na pengine hii ndiyo njia.

Rubeni


Vudee,
18 Agosti 2024

Baba,

Marahaba.

Barua yako imefika Ijumaa. Nimeisoma nikiwa nimesimama dukani kwa Elibariki, nikakaa chini kwenye gunia la chumvi, nikaisoma tena. Nimelia, kisha nikakutukana kwa Kipare maneno ambayo marehemu mama angenichapa.

Sikusamehe. Ulimpa baba yangu kifo chako akibebe, mzee wa miaka themanini na minne, kwenye tope. Hilo nitakuuliza ukipona, na nitakuuliza mbele ya watu, kwa hiyo jiandae kupona. Ila hili la kwamba kufa ndiyo malipo, liondoe. Hakuna aliyekuomba. Mtu aliyenikosea sitaki anitoroke.

Na mimi nina langu. Niliziona zile zamu mbili za mpira mkononi mwako. Muuguzi wa miaka ishirini na sita, nikaona, nikafunga fundo, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimekununia. Miezi minane hiyo tumeipoteza wawili.

Babu yako nimemwambia. Ulinikataza na nimemwambia. Nilimsomea yote, na lile la kuku, na lile la gunia. Nikadhani hakusikia nikaanza upya, akaniambia nyamaza, nimesikia. Akauliza kama huo mkato unafanywa Jumatatu au Jumanne. Kisha akaingia ndani, akatoka, akaniambia nikuandikie kwa maneno yake mwenyewe, nami nayaandika kama yalivyo:

"Koti nililigawa nikijua nakufa. Sikufa. Nalitaka koti langu. Asilitume kwa basi wala kwa mtu. Alilete yeye, kwa mkono wake, Krismasi, na Jenifer asiliingize hata uzi."

Mimi nashuka Same Alhamisi, nipande basi la Dar es Salaam. Nitamkuta Devotha huko kwenu, nitamwambia mwenyewe, na yale niliyomsema makaburini nitamwomba radhi nikiwa mlangoni, kabla hajanipa kiti. Akininyima kiti nitakaa chini. Jenifer mwambie wewe kabla sijafika, la sivyo nitamwambia mimi, na unajua ninavyosema.

Nimekubebea gunia lako. Nimelikokotezea mstari upya, mweusi, unaonekana hata na mtu asiyetaka kuuona.

Shangazi yako,
Raheli